Mji wa Vilima: Somo kwa Wanaojitayarisha kwa Ubatizo



Bwana wetu Yezu Kristu, alipowafundisha wafuasi wake jinsi ya kuishi mbele ya watu, aliutaja mji wa mlimani, ambao kila mpita njia huuona toka mbali hata kama hana nia ya kuutazama. Mfano huo mmeusikia mara nyingi. Sisi watu wa Ituri twaijua milima, maana twalima na kuchunga juu yake. Lakini mji mzima uliokaa vileleni, wenye makanisa na minara inayotazamana, ni jambo ambalo wengi wenu hamjaliona.

Katika nchi ya Italia miji ya namna hiyo ni mingi. Unaojulikana kupita yote ni Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko, uliokaa ubavuni mwa mlima Subasio. Mji ule ulikuwa wa Wakristu. Ng'ambo ya bonde, juu ya kilima kingine, ulikuwapo mji wa Perugia, nao wa Wakristu vilevile. Hata hivyo miji hiyo miwili ilipigana, na Fransisko mwenyewe, akiwa bado kijana mwenye kupenda fahari, alitekwa vitani mwaka 1202, akafungwa huko Perugia muda wa mwaka mmoja hivi. Yashikeni hayo mioyoni mwenu, kwa maana tutayahitaji mbele.

Leo, lakini, siwapeleki Italia. Uko mji wa vilima karibu nasi zaidi, ng'ambo ya Ziwa Albert, katika nchi ambayo ndugu zetu wengi wa Djugu waliikimbilia kwa mitumbwi mwaka 2018, wakapokewa katika kambi ya Kyangwali. Mji huo ni Kampala, mji mkuu wa Uganda. Wale kati yenu waliowahi kwenda kuhiji Namugongo mwezi wa Juni wamepita humo, ingawa wengi huupita usiku wakiwa wamelala ndani ya gari, nao huamka wakaona taa tu.

Jina la Kampala latokana na swala waliokuwa wakilishwa juu ya kilima kimoja. Watu husema kwamba mji umejengwa juu ya vilima saba. Leo vilima vyake ni vingi kupita hivyo, kwa maana mji umekua. Lakini vile vya zamani bado vyajulikana kwa majina, na kila kimoja kina mwenyewe. Kasubi ni kilima cha makaburi ya wafalme, na Mengo ni kilima cha ikulu. Rubaga ni kilima cha Wakatoliki, Namirembe cha Waanglikana, na Kibuli cha Waislamu, ambao msikiti wao hapo ulimalizika mwaka 1951. Mtu akisimama Rubaga, huiona Namirembe waziwazi. Na kengele ya huku husikika kule. Anayesoma vilima hivyo kama kitabu atakuta ndani yake kurasa zinazong'aa kwa utukufu, na kurasa nyingine ambazo angependa kuzifunga upesi. Mimi sitazifunga, kwa sababu ninyi mwataka kubatizwa, na anayetaka kubatizwa yafaa ajue.

Tuanze Kasubi. Hapo Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga ikulu yake mwaka 1882, nyumba kubwa ya mviringo, iliyoezekwa kwa nyasi toka kileleni hata chini. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo, na baada yake wakazikwa makabaka watatu wengine: Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Moto uliiteketeza nyumba ile tarehe 16 Machi 2010, na Waganda wakalia kama watu waliofiwa upya. Imejengwa tena kwa miti, matete na nyasi, kwa ufundi ule ule wa mababu.

Mutesa alikuwa mfalme mwenye akili na hila nyingi. Waarabu walikuwa wamekwisha leta Uislamu katika nchi yake. Kwa muda alishika hata mfungo wa Ramadhani, kisha mwaka 1876 akawaua vijana Waislamu wa ikulu yake kwa kuwa walimtii Mungu kuliko mfalme. Mwaka 1877 wakafika wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza. Tarehe 17 Februari 1879 wakafika Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadri Weupe. Waganda waliposikia akiitwa kwa Kifaransa «mon père», wakamwita Mapera, na jina hilo limebaki hata leo. Mutesa alipenda kuwasikiliza wakishindana mbele yake, Mwarabu, Mwingereza na Mfaransa, huku yeye akipima ni nani atakayemfaa kwa bunduki. Mapadri walipoona hatari inazidi, waliondoka mwaka 1882 wakaenda kukaa Bukumbi, kusini mwa ziwa kubwa, wasirudi mpaka mwaka 1885.

Hapa tutulie kidogo. Kwa muda wa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri hata mmoja katika Buganda. Hapakuwa na Misa wala kitubio. Waliobaki walikuwa Wakristu wachache waliobatizwa karibuni, na wakatekumeni. Nani alifundisha? Walifundishana wao kwa wao, usiku, katika vibanda vya ikulu na katika nyumba za watu wanyofu kama Matia Mulumba na Andrea Kagwa. Mapadri waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Anayedhani kwamba katekumeni ni mtu wa kukaa barazani tu akingojea, na aende akaulize vilima vya Kampala.

Sasa shukeni nami bondeni, kati ya vilima, mahali paitwapo Nakivubo. Leo pana uwanja wa michezo na soko, na kelele za magari ni nyingi mno hata mtu hasikii neno la mwenzake. Hapo, tarehe 15 Novemba 1885, aliuawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, wa kwanza wa Mashahidi Wakatoliki wa Uganda. Alikuwa mkuu wa vijana wahudumu wa ikulu, mtu ambaye Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, alimtegemea. Kosa lake lilikuwa nini? Mwezi uliotangulia, Mwanga alikuwa ameamuru auawe James Hannington, askofu wa Waanglikana, aliyekuwa akiingia nchini kwa njia ya mashariki. Mukasa alimkemea mfalme uso kwa uso kwa kumwua mgeni asiye na hatia. Tena alikuwa akiwakinga wale vijana wasichafuliwe na tamaa za mfalme. Kwa hayo mawili akakatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa. Kabla ya kufa alimtumia Mwanga habari kwamba amemsamehe kwa moyo wote, ila amsihi atubu.

Yatazameni vizuri, wapendwa. Askofu Hannington hakuwa Mkatoliki. Hakuwa Mganda wala jamaa ya Mukasa, na Mukasa alikuwa hajapata kumwona kwa macho. Siku zile Wakatoliki na Waprotestanti katika Buganda walikwisha anza kutazamana kwa jicho baya, na wakubwa wao walibishana mbele ya mfalme mchana kutwa. Mukasa angeweza kunyamaza, akasema moyoni: huyu ni wa upande ule. Hakusema hivyo. Mkatoliki wa kwanza kuuawa kwa ajili ya imani katika Uganda aliuawa kwa kuwa alitetea damu ya Mprotestanti.

Usiku wa siku ile ile, Karoli Lwanga, ambaye alikuwa bado katekumeni, alikimbilia misioni pamoja na wenzake, wakabatizwa. Hakuogopa kwamba ubatizo ungemletea kifo. Aliogopa kufa bila ubatizo. Yeye ndiye aliyekamata mahali pa Mukasa kuwatunza vijana. Miezi sita baadaye, Mei 1886, Mwanga akiwa Munyonyo, ukingoni mwa ziwa, alifunga milango ya ikulu akawahukumu. Usiku wa kuamkia hukumu, Lwanga alitwaa maji akawabatiza vijana wanne ambao hawajapata sakramenti: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Kizito alikuwa na umri wa miaka kama 14. Katika darasa langu la shule ya msingi wamo watoto wa umri huo, nami kila nifundishapo habari hii huwatazama, nikajiuliza ni nani kati yao angenyosha mkono.

Wakaongozwa kwa miguu, wamefungwa kamba, hadi Namugongo, mahali pa zamani pa kuulia watu. Wengine waliuawa njiani. Mmoja wao, Matia Mulumba, aliuawa kwenye kilima cha Kampala chenyewe: alikatwa viungo vyake, akaachwa peke yake, akakaa siku kama tatu kabla ya kufa. Mtu huyo alikuwa ameutafuta ukweli maisha yake yote. Alipita katika Uislamu, akawasikiliza Waprotestanti, kisha akabatizwa Mkatoliki mwaka 1882. Kilikumbukeni kilima hicho, tutakirudia.

Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, moto uliwashwa Namugongo. Lwanga alichomwa peke yake, polepole. Mbaga Tuzinde alikuwa kijana wa nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wauaji, ambaye alimsihi aseme neno moja tu la kukana apate kufichwa. Akakataa, na mlezi wake akaamuru apigwe kwanza shingoni ili asiusikie moto. Wengine walifungwa katika matete, wakalazwa juu ya kuni. Katika moto huo walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mashahidi Wakatoliki tunaowaheshimu ni 22, wakihesabiwa toka Mukasa mwaka 1885 hata Yohane Maria Muzeyi, aliyeuawa Januari 1887. Waanglikana nao wanawahesabu wao 23. Majivu hayakutenganishwa.

Hadi hapo habari ni tamu kuisimulia, na wahubiri wengi hukomea hapo. Ninyi nataka mwende nami hatua moja zaidi.

Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa. Upande wa Waislamu ukapata nguvu na Wakristu wote wakafukuzwa, Wakatoliki na Waprotestanti, wakaishi uhamishoni. Wakapigana bega kwa bega, na mwaka 1890 walikuwa wamekwisha mrudisha Mwanga katika kiti chake, yule yule aliyewachoma ndugu zao. Ndipo wakaanza kugawana vyeo. Utemi huu ni wa Mkatoliki, ule wa Mprotestanti. Shamba hili letu, lile lenu. Wakaitana kwa majina mapya: Wakatoliki wakaitwa Wafransa, na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda, wenye lugha moja na mababu wamoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo dini ilipogeuka kuwa kabila. Jina la Kristu lilibaki midomoni, lakini swali lililoulizwa njiani halikuwa tena: Je, wamwamini nani? Liliulizwa hivi: Wewe ni wa nani?

Desemba 1890 alifika kapteni Mwingereza, Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya biashara ya Waingereza. Akajenga boma lake juu ya kilima cha Kampala, kile kile alichofia Mulumba miaka minne tu iliyopita. Januari 1892 Mprotestanti mmoja aliuawa na Mkatoliki katika ugomvi wa bunduki. Kabaka akaamua kwamba muuaji alijitetea. Lugard hakuikubali hukumu hiyo, akawagawia Waprotestanti silaha, na tarehe 24 Januari 1892 Wakristu wa Rubaga na Wakristu wa Namirembe wakapigana katika mabonde yale. Toka bomani ilinguruma bunduki ya mtambo iitwayo Maxim. Wakatoliki wakashindwa. Kanisa na misioni ya Rubaga vikateketezwa kwa moto. Kabaka pamoja na Askofu Hirth na watu wengi wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Kisiwa nacho kikashambuliwa baada ya siku chache, na watu wakafa kwa risasi na kwa kuzama majini, wanawake na watoto pia. Wakatoliki waliosalia wakaenda kukaa Buddu, upande wa Masaka.

Toka moto wa Namugongo hadi moto wa Rubaga haikupita hata miaka sita.

Katekumeni mmoja, mzee mwenye mvi, aliniuliza swali katika mafundisho: «Mwalimu, watu wale walisoma katekisimu ile ile. Imekuwaje wa kwanza wafe kwa ajili ya wenzao, na wa pili wauane?» Swali hilo halikuwa la Waganda tu, na kila aliyekuwapo alilijua hilo. Katika vita vya Ituri vya mwaka 1999 hata 2003, na katika mauaji yaliyoanza tena mwishoni mwa mwaka 2017, waliouana hawakuwa wapagani watupu. Wengi walioshika mapanga majina yao yalikuwa yameandikwa katika vitabu vya ubatizo, na waliokatwa pia. Mtu aliitwa Petro, na aliyekimbia mbele yake aliitwa Yohane.

Jibu moja ni hili. Mapadri Weupe, kwa agizo la Kardinali Lavigerie, waliweka ukatekumeni wa miaka minne, ili mtu ajaribiwe na kufahamika kabla ya kubatizwa. Lakini baada ya mwaka 1890, vyeo na mashamba vilipogawanywa kwa dini, watu walimiminika. Mtu alifuata dini ya chifu wake kama anavyofuata bendera. Wengi wa waliopigana mwaka 1892 walikuwa wamejiandikisha upande fulani kabla hawajamjua Kristu. Kwa hiyo mnaponung'unika kwamba miaka ya mafundisho ni mingi, na kwamba fulani wa kanisa jingine alizamishwa majini baada ya majuma mawili tu, kumbukeni Rubaga ilivyoungua.

Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, wala sitawadanganya kwamba latosha. Kwa maana kiongozi wa Waprotestanti mwaka 1892 alikuwa Apolo Kagwa, ambaye mwaka 1886 alipigwa na kujeruhiwa na Mwanga kwa ajili ya imani yake. Na katika upande wetu pia walikuwamo watu waliojificha, waliofukuzwa na kuzika ndugu zao. Hao hawakuwa Wakristu wa jana. Walikuwa wameteswa, nao wakatesa. Mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa mtakatifu. Yaweza kumfanya ashike daftari la madeni. Mtu aliyeonewa husema moyoni kwamba sasa ni zamu yake, na shetani hana haja ya kumwongezea neno lolote. Mukasa alikuwa na deni kubwa kwa Mwanga kuliko wote, lakini alilifuta kabla panga halijamgusa. Wapendwa, ninyi ambao nyumba zenu zilichomwa, ninyi mliozika watoto: najua naandika nini ninapoandika hayo. Swali ambalo padri atawauliza siku ya ubatizo, kama mwamkataa shetani na mambo yake yote, lina ndani yake hata lile daftari.

Tuvitazame tena vilima, kwa maana Mungu hakuviacha katika majivu. Rubaga ilijengwa upya. Kanisa kuu lililopo sasa lilianzwa mwaka 1914 na kumalizika mwaka 1925, chini ya Askofu Henri Streicher. Wakristu wenyewe walifyatua matofali na kuyapandisha kilimani. Humo amelala Askofu Mkuu Yosefu Kiwanuka, ambaye mwaka 1939 alipewa uaskofu na Papa Pius wa Kumi na Mbili mjini Roma, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki katika nyakati hizi zetu. Mwaka 1899 Masista Weupe walianza hospitali hapo. Mengo ilikuwa na hospitali ya Waanglikana toka mwaka 1897, na Nsambya ikapata ya Masista Wafransisko mwaka 1903. Nsambya yenyewe walipewa Mapadri wa Mill Hill, waliofika mwaka 1895 kutoka Uingereza, ili watu waone kwa macho kwamba Mwingereza aweza kuwa Mkatoliki, na yale majina ya Wafransa na Waingereza yapoteze maana. Dawa nzuri, ingawa ilichelewa.

Namirembe ni jina linalotokana na neno la Kiganda la amani. Kanisa lililokuwapo liliteketea mwaka 1910. Hili la matofali mekundu, lenye kuba kubwa, lilimalizika mwaka 1919. Hapo walizikwa mifupa ya Askofu Hannington, mwezi wa Desemba 1892, mwaka ule ule wa vita. Sijui kama kati ya waliolisindikiza jeneza lile palikuwa na aliyemkumbuka Mukasa.

Toka Namirembe alitoka pia mtu ambaye sisi wa Ituri yatupasa kumjua, ingawa si wa Kanisa letu: Apolo Kivebulaya. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata akaja Boga, katika nchi yetu hii, akiwa katekista, bila bunduki wala askari. Alipigwa, alisingiziwa, akafungwa, akarudi tena. Alikufa Boga mwaka 1933 na kaburi lake liko huko. Husimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko ndiko Injili ilikokuwa haijafika. Vita vya mwaka 1892 vilikuwa vya jana tu alipoondoka kwao. Naye akachagua kuvuka Semliki na kitabu.

Na Mwanga? Mfalme yule alinyang'anywa kiti, akapelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli mwaka 1899. Huko akabatizwa na Waanglikana, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903. Mifupa yake ililetwa baadaye ikazikwa Kasubi, karibu na baba yake. Mukasa alikuwa ameomba atubu. Wengine kati yenu hukunja uso nikiwaambia hayo, kwa kuwa wangependa Mwanga awe motoni. Hiyo ni kazi ya Mungu, si yetu.

Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu, na siku hiyo hiyo akawakumbuka Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristu. Mwaka 1969 alikuja mwenyewe Uganda akafika Namugongo, Papa wa kwanza wa nyakati hizi kuikanyaga Afrika. Kanisa la Namugongo, lililofunguliwa mwaka 1975, limejengwa kwa mfano wa nyumba ya mviringo ya Waganda, na nguzo zake za nje ni 22. Papa Fransisko alipofika Novemba 2015, alikwenda kwanza kusali mahali pa Waanglikana, kisha ndipo akaenda kuadhimisha Misa kwetu. Si mbali, mahujaji wengi hupita huku na huku kwa miguu siku moja.

Kimebaki kile kilima cha Kampala, cha swala, cha Mulumba, na cha boma la Lugard. Leo juu yake umesimama msikiti mkuu wa Uganda, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, na mgeni akiupanda mnara wake, ngazi zipatazo 300, huviona vilima vyote kwa mara moja: Kasubi, Mengo, Kibuli, Rubaga na Namirembe. Chini yake iko shule ya sekondari yenye uwanja mpana. Ijumaa Kuu, Wakatoliki huteremka toka Rubaga wakiwa na msalaba, na Waanglikana huteremka toka Namirembe wakiwa na msalaba, na Waorthodoksi nao huja. Hupita katika mabonde yale yale yaliyopiganiwa mwaka 1892, hukutana katika uwanja ule, chini ya kilima ilikowekwa ile bunduki, nao husali Njia ya Msalaba pamoja, mchana wa jua kali, mpaka kituo cha mwisho.